Unga wa Njano wa Mama Émérence

Watoto wa nguruwe kumi na wanne walikufa katika juma moja. Mama Émérence, ambaye kwa miaka minne hakuwa amezika zaidi ya wawili kwa mwezi, alisimama mbele ya shimo la chokaa la kuzikia mizoga ameshika koleo, hakumbuki hata kilichomleta pale.

Ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka 1961, mvua zikiwa bado nzito. Katanga ilikuwa imejitenga tangu mwezi wa saba uliotangulia. Bendera mpya ilipepea posta, na watu wa Likasi, ambayo vibao vya barabarani bado viliiita Jadotville, walikuwa wamezoea kusikiliza redio kabla ya kutoka nyumbani, wajue kama njia ni salama. Émérence hakuwa mtu wa redio. Alikuwa mtu wa nguruwe.

Alizaliwa upande wa Kambove, kwa Wasanga wakulima, akaolewa na Ambroise, mtunza nguruwe wa Mbelgiji mmoja aliyeitwa Monsieur Lambrecht. Shamba lilikuwa kwenye barabara ya Kambove, nje kidogo ya mji, na watu waliliita Ku Ngulube, yaani kwa nguruwe. Nyama yake ililiwa kwenye kantini za wafanyakazi wa mgodi na kwenye meza za Wazungu wa mjini. Ambroise alipofariki kwa homa mwaka 1956, Monsieur Lambrecht alikuja kwenye kilio, akakaa kwenye kiti alichopewa, na kabla ya kuondoka akamwambia mjane aje kazini Jumatatu. Hakuwa anamwonea huruma tu. Aliwahi kumwona akimsaidia mumewe nguruwe waliposhindwa kuzaa, mkono wake mwembamba ukiingia pale ambapo mikono ya wanaume haikupita.

Wanaume wa shamba walicheka. Firmin, msukuma toroli, ndiye aliyecheka zaidi.

"Mwanamuke ku ngulube? Shi atakimbia mbele ya saa sita!"

Hakukimbia. Siku ya tatu alimgeuza mtoto aliyekuwa amelala kimshazari tumboni mwa mama yake, akamtoa hai, akatoa na wengine kumi nyuma yake. Firmin mwenyewe ndiye aliyemletea maji ya kunawa.

Mwaka uliofuata ukaja unga wa njano. Ulifika kwa garimoshi ndani ya makopo makubwa ya bati yenye picha ya nguruwe anayecheka. Monsieur alilifungua la kwanza mbele ya wafanyakazi, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: "Hii dawa. Weye tia kijiko moja mu debe ya pumba, kila siku. Mutoto hapana hara tena. Na atanenepa mbio."

Ikawa hivyo hivyo. Watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya, ambao zamani wangehara na kukonda mpaka mbavu zihesabike, sasa walijaa mashavu na kufika uzito wa soko majuma mawili matatu mapema. Émérence ndiye aliyekabidhiwa kijiko. Kila asubuhi alichanganya unga na pumba kwa mikono yake, akigeuza kutoka chini kwenda juu kama mtu anayekanda, mpaka rangi ienee sawasawa. Vidole vyake vikashika manjano isiyotoka kwa sabuni. Watoto wa mtaani kwake Shituru wakamwita Mama Manjano, naye akaitika, tena kwa furaha. Alijua kwamba nyama ya mji mzima inapita kwenye vidole vile.

Kwa hiyo siku ile mbele ya shimo la chokaa, alipomwona Firmin akija na toroli yenye wengine watatu, hakuamini. Walikuwa wa majuma sita, waliokula unga tangu siku ya kwanza walipoanza kula. Mikia ilikuwa imelowa, macho yameingia ndani, ngozi ikivutwa inabaki imesimama kama kitambaa. Juzi yake tu walikuwa wakipigana kwenye chano cha pumba.

Monsieur Lambrecht alivua kofia akajifuta jasho.

"Tia vijiko mbili," akasema.

Akatia viwili. Wakafa tisa. Akaambiwa atie vitatu. Pumba zikawa za njano kama maua ya alizeti, na watoto wa nguruwe wakaendelea kufa, wale wanono kwanza. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Ugonjwa alioujua yeye huanza na wanyonge.

Nyumbani, nyuma ya jiko lake, Émérence alikuwa na nguruwe wake mmoja, jike jeusi la kienyeji alilolitoa kijijini. Huyo hakuwahi kuonja unga wa njano. Makopo yalifungiwa stoo ya shamba na ufunguo aliubeba Monsieur kiunoni. Jike lile lilikula maganda ya mihogo, makombo ya bukari, yaani ugali, na majani. Mwezi wa tatu likazaa watoto tisa, weusi, wachangamfu, na Émérence alipotoka kwenye mauti ya shambani jioni aliwatazama hao akapata nguvu.

Walipotimiza majuma matano, wakaanza kuhara. Uharo ulikuwa uleule, wa majimaji, wenye harufu ileile aliyoijua. Kwa siku nne wakafa saba.

Émérence aliketi chini, pale pale kwenye matope ya zizi, akawashika wawili waliobaki mapajani. Ugonjwa wa shambani ulijuaje nyumba yake? Wifi yake alipopata habari alitoa jibu haraka: kuna mtu kazini anamwonea wivu, amemtumia uchawi. Émérence hakulipenda jibu hilo, lakini hakuwa na jingine.

Jirani yake aliitwa Zaina. Alikuwa Mwislamu, mwenye asili ya Maniema, mke wa dereva wa lori aliyeitwa Radjabu. Tangu Émérence alete nguruwe mtaani, Zaina hakuwa ameingia uani kwake, ila walisalimiana kwenye ua wa matete kila siku na kupeana chumvi na moto. Siku hiyo alisimama ng'ambo ya ua, amejifunga kitenge mpaka shingoni, akakohoa.

"Dada, pole. Radjabu ameniambia."

"Aksanti, mama."

"Minataka kusema kintu, lakini usikasirike."

"Sema tu."

Zaina alitazama chini. "Kila magaribi ukitoka ku kazi, unapita mbele ya mulango yangu na ile bote yako. Na nyuma yako minamwangaka maji mu njia. Njo dini yetu, juu ya mavi ya ile nyama. Sikukuambia, nilikuwa na haya." Akaonyesha zizi kwa kidevu. "Kisha unaingia mu zizi yako na bote ile ile. Minye sijue mambo ya ngulube, dada. Lakini nimeona vile."

Émérence alitazama miguu yake. Buti za mpira za Ambroise, alizozirithi pamoja na kazi. Kwenye mikunjo ya vifundo kulikuwa na tope la shambani lililokauka, limechanganyika na mavi na vumbi la njano. Miaka mitano alikuwa akizileta nyumbani jioni baada ya jioni. Aliona haya, kisha haya ikageuka hofu. Akazivua hapo hapo, akabaki peku.

Asubuhi ya Jumapili alikwenda kwa Joachim. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye mke na watoto wawili, msaidizi katika maabara ya hospitali moja ya mjini. Daktari Mbelgiji wa maabara alikuwa amekimbilia Rhodesia mwaka uliopita na hakurudi. Joachim alibaki na darubini, jokofu linalonguruma na funguo zote.

"Mama mukubwa," akasema baada ya kusikiliza, "niletee kidogo ya mavi yao. Ya kule na ya kwako. Kila moja mu chupa yake, na usichanganye."

Akayapeleka kwenye chupa za jamu alizozichemsha, pamoja na unga wa njano kidogo alioufunga kwenye karatasi. Joachim akamwambia arudi siku ya Jumatano mchana.

Jumatano alimkuta amevaa koti jeupe, mezani pake pamepangwa sahani ndogo za kioo zenye vifuniko. Ndani yake mlikuwa na kitu kilichoganda kama mchuzi wa kwato uliopoa. Juu yake palikuwa na utando wa kijivu, na katikati ya utando kikaratasi cha duara, kidogo kama kifungo cha shati.

"Ona hii kwanza," Joachim akasema, akisogeza sahani ya kwanza. "Hii mikrobe, kadudu ka ugonjwa, ni ya zamani, docteur aliiacha hapa juu ya kujaribisha. Ile karatasi nimeilowesha na dawa yenu, ile ya njano. Unaona nini?"

Kuzunguka kikaratasi palikuwa na duara safi, pana, lisilo na utando kabisa.

"Hapa hapana kintu," akasema Émérence.

"Voilà. Dawa imewaua pale pote ilipofika. Sasa ona ya Ku Ngulube."

Alisogeza ya pili. Émérence aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Utando wa kijivu ulikuwa umekwenda mpaka kwenye ukingo wa kikaratasi, ukakigusa, ukaanza hata kukipanda. Hapakuwa na duara. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha unywele.

"Na ya kwangu?"

Joachim akasogeza ya tatu. Ilikuwa kama ya pili.

"Haiwezekani," Émérence akasema. "Bangu habakukula ile dawa. Hata siku moja."

"Njo nilivyoshangaa na minye."

"Nieleze pole pole. Minye si muntu ya masomo."

Joachim alivuta kiti. Akamwambia kwamba ndani ya tumbo la nguruwe mmoja mna vijidudu wengi kuliko watu wote wa Kongo, na kati yao huwapo wachache ambao dawa haiwadhuru. Zamani hao wachache walibanwa na wenzao, hawakupata nafasi. Kisha ukaja unga. Kila siku, kijiko kimoja, dozi ndogo ya kutosha kuwaua wale wanaoogopa dawa na kuwaacha wale wasioiogopa. Hao wakabaki peke yao, na chakula chote kikawa chao. Wakazaana. Miaka minne.

"Kumbe mulikuwa munabachagulia nafasi," akasema. "Na sasa ukitia vijiko tatu, unatwanga maji. Habasikie tena. Na bakishaka kuwa bengi, banapanda mu bote, mu mikono, mu toroli. Banaenda kwa ngulube ambaye hakuonja hata dawa."

Émérence alitazama vidole vyake. Hakuna aliyekuwa amemtumia uchawi. Ni yeye aliyekuwa akichanganya kutoka chini kwenda juu mpaka rangi ienee sawasawa.

"Minye njo nilitia," akasema. "Joachim, minye njo nilitia. Na mukono hii."

"Ulitumwa, mama mukubwa."

Kisha Joachim alikohoa, akashusha sauti, akamwomba jambo ambalo halikuwa rahisi kuomba kwa mtu anayemheshimu kama mama yake. Alitaka chupa ya tatu, ya mavi yake yeye mwenyewe Émérence. Émérence alimpa siku iliyofuata, ameifunga kwa kitambaa, hakumtazama usoni.

Sahani ya nne alionyeshwa Jumamosi. Émérence aliitazama mara moja tu. Utando ulikuwa umekwenda mpaka ukingoni.

"Lakini siugui," akasema kwa sauti ndogo. "Siharishe. Ninakula muzuri."

"Hauko mugonjwa. Banakaa tu. Lakini siku moja ukigonjwa nabo, ile dawa haitakusaidia. Na minye sijui bengine ku mji beko namna gani. Sina mutu wa kuuliza."

Émérence alitembea kutoka hospitali hadi Shituru bila kumwona aliyempita. Alikuwa amekwisha kusikia habari nyingi za kutisha mwaka ule, za watu kufukuzwa, za vita kaskazini, na zote alizipokea akitikisa kichwa. Hii haikuwa habari. Ilikuwa ndani ya tumbo lake. Sokoni aliona wanawake wakichagua nyama kwa vidole, kisha wakiwapangusa watoto wao midomo kwa vidole vile vile, akasimama hapo mpaka mwuza samaki akamwuliza kama anataka kiti.

Jumatatu alimweleza Monsieur Lambrecht kila kitu, amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Monsieur alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lilimpa moyo. Kisha akacheka, si kwa furaha.

"Na njo nani amekuambia? Msaidizi wa kuosha vioo?"

"Amenionyesha, Monsieur. Nimeona na macho yangu."

"Ulaya mashamba yote anatia dawa hii. Yote! Weye na mpwa wako munajua kupita Ulaya?"

"Sijue Ulaya, Monsieur. Minajua hawa banakufa."

Alimwamuru aendelee na vijiko vitatu. Akaendelea, kwa sababu alikuwa mjane na kazi ilikuwa hiyo. Lakini tangu siku ile aliacha buti shambani, akanawa mpaka viwiko kwa sabuni kabla ya kutoka, na uani kwake hakuingia zizini bila kubadili kitenge. Wale wawili weusi walipona wenyewe. Wa shambani waliendelea kufa, mwezi wa tano, wa sita, wa saba.

Mwezi wa tisa vita vikafika mjini kwenyewe. Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wamepiga kambi pembeni mwa mji walizingirwa, risasi zikalia siku tano, ndege ikapita juu ya mabanda mpaka nguruwe wakapandana. Daraja la Lufira likafungwa. Hakuna kilichopita kutoka Elisabethville, mji mkuu, si mafuta, si chumvi, si unga wa njano. Kopo la mwisho liliisha Alhamisi. Monsieur Lambrecht alilipindua, akaligonga chini kwa kiganja, akaliweka.

"Basi tumekwisha," akasema.

Émérence alikuwa na miezi mitano ya kufikiri nyuma yake. "Monsieur, niachie mabanda mbili tu. Nifanye vile ninataka. Wakikufa, bangekufa hata bila minye."

Monsieur alimpungia mkono, kama mtu asiyejali tena. Émérence alichukua banda la mwisho na lililo jirani yake, akamwomba Firmin amsaidie, na Firmin, ambaye alikuwa amechoka kuchimba mashimo, hakucheka. Walitoa matandiko yote wakayachoma. Wakasugua sakafu kwa maji ya moto na majivu, wakapaka chokaa, wakaacha milango wazi jua liingie siku kumi. Kisha akaingiza majike yaliyokaribia kuzaa, kila jike chumba chake, na hakuwatoa watoto kwa mama zao walipotimiza wiki tano kama ilivyokuwa desturi. Aliwaacha wanyonye mpaka wiki nane. Mlangoni aliweka karai la maji ya chokaa, na aliyetaka kuingia alitumbukiza miguu humo, hata Monsieur mwenyewe, aliyefanya hivyo akinung'unika kwa Kiflemi.

Hawakuacha kufa. Katika uzao wa kwanza alipoteza kumi na mmoja kati ya sitini, na kila mmoja alimlilia moyoni. Uzao wa pili alipoteza watano. Walikuwa wadogo kuliko wale wa zamani, wenye mashavu ya kawaida, lakini walikuwa hai. Joachim alipima tena mwezi wa kwanza wa 1962, akatikisa kichwa. Vijidudu bado walikuwapo, na duara bado halikuwapo. "Itachukua miaka," akasema. "Kama itatoka."

Mwezi wa pili njia zikafunguka, na garimoshi likaleta makopo kumi na mawili. Monsieur Lambrecht aliyatazama, akatazama mabanda mawili ya Émérence, akashika kiuno muda mrefu. Mwishowe akaamua kama mtu mwenye haraka ya kuuza. Soko lilitaka wanono. Unga urudi kila banda.

"Minye sitie," Émérence akasema.

"Unasema nini?"

"Minye sitie tena, Monsieur. Utafute mukono ya mwengine."

Kijiko akapewa Firmin, ambaye alikuwa na watoto sita. Émérence aliachiwa kazi ya kuzalisha tu, na wawili hao wakafanya kazi mwaka mzima wakipishana mlangoni bila kutazamana sana.

Siku za kwanza za Januari 1963 wanajeshi wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini, na utengano ukaishia hapo. Monsieur Lambrecht alikwisha kuondoka siku mbili kabla, kwa gari lake dogo, mifuko juu ya paa, bila kuaga. Aliacha nguruwe mia mbili na zaidi. Émérence alipofika asubuhi ile lango lilikuwa wazi na shamba limejaa watu, wafanyakazi na wasio wafanyakazi, wakubwa kwa wadogo. Nguruwe wakubwa walikuwa wakichinjwa pale pale. Wadogo walitiwa kwenye magunia.

"Ngojeni!" akapaza sauti. "Hawa badogo musibebe ku nyumba! Tuchinje bote hapa, tupike muzuri, tule. Lakini wazima musibebe! Beko na ugonjwa ambayo dawa haimalize!"

"Weye umekula mushahara ya Muzungu miaka yote," mtu mmoja akajibu, "leo unatukataza nyama?"

"Sikatazi nyama! Ninakataza kuwapeleka wazima!"

Wachache walisimama. Firmin alisimama, akachukua kisu, akaanza kuchinja wadogo mmoja mmoja kama alivyosema Émérence, machozi yakimtoka. Lakini wengine waliendelea kufunga magunia kwa kamba za katani, wakayapakia kwenye baiskeli. Émérence alikimbia kutoka kwa mmoja hadi mwingine akiwashika mikono, akisema neno lile lile mpaka sauti ikakauka, nao walimpisha kwa upole kama mtu anayempisha mwenye wazimu. Kutoka langoni aliziona baiskeli zikigawanyika njiani, hizi kuelekea Kambove, hizi Kamatanda, nyingine Shituru, magunia yakicheza na kulia. Alishika nguzo ya lango. Alijua kila gunia linabeba nini, na hakuwa na namna ya kulifungua.

Mwanamke wa mwisho kutoka alikuwa Martine, mke wa fundi wa reli, anayekaa nyumba ya nne kutoka kwake. Alibeba gunia dogo kichwani na mtoto mgongoni.

"Mama Émérence, usinikasirikie. Batoto habakukula nyama tangu mwezi wa kumi."

Émérence alimtazama, akamtazama mtoto aliyelala na shavu lake begani mwa mama. Akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Weko wangapi ndani?"

"Wawili."

"Sabuni uko nayo ku nyumba?"

"Kipande."

"Na chokaa?"

"Ile ya kupaka ukuta iko, kidogo."

"Twende," akasema, akimpokea gunia. "Nitakuonyesha."